Praha, Bern au London: mnara upi wa saa uwapeleke watoto?

Kati ya vivutio vyote vya miji ya Ulaya, mnara wa saa ndio unaomhurumia zaidi mzazi. Uko katikati ya mji, kuutazama kutoka barabarani hakulipiwi, na hauhitaji mtoto akae kimya. Makumbusho yatakwambia usiguse, usikimbie, usipige kelele. Mnara unakutaka ufike tu kabla saa haijagonga.

Lakini minara haifanani, na familia nyingi hugundua hilo zikiwa zimeshafika mlangoni, nusu ya msafara hairuhusiwi kuingia na nusu nyingine haiwezi ngazi. Hapa nalinganisha mitatu inayotajwa kuliko yote: mnara wa Ukumbi wa Mji Mkongwe wa Praha wenye ile saa ya falaki, Zytglogge wa Bern, na Elizabeth Tower wa London, ambao dunia nzima inauita Big Ben ingawa Big Ben ni kengele iliyomo ndani yake. Nitagusa na Munich na Graz, kwa watakaopita upande huo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mwenye mtoto mdogo au mzee kwenye msafara aende Praha. Mwenye mtoto wa shule ya msingi, yule anayefungua redio aone ndani kuna nini, aende Bern. Mwenye kijana wa sekondari aende London, na tiketi aikate mapema sana. Sababu ni hizi.

Nani ataingia, nani atabaki nje

Tuanze na kinachokata mzizi wa fitina. London hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 11 kupanda mnara. Hakuna kubembeleza wala kusema "huyu ni mkubwa kwa umbo". Wanaoruhusiwa wana vidato 334 vya mawe mbele yao, vinavyozunguka mpaka kwenye kengele, na lifti ya wageni hakuna. Bibi mwenye magoti asikubali kudanganywa kwamba ni "mwendo mfupi tu". Ziara huchukua kama saa moja na nusu, ukaguzi wa usalama ni kama wa uwanja wa ndege, na kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Ukiwa na kijana asiyeweza kuachana na simu, mwandae mapema.

Praha ni kinyume kabisa. Mnara una urefu wa karibu mita 70 na ndani yake wameweka lifti ya vioo, hivyo mama mwenye kigari cha mtoto, babu mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu wote wanafika juu. Kibaraza cha juu ni chembamba na wageni huwa wengi, kwa hiyo huko mtoto abebwe au ashikwe mkono. Tiketi ya familia ipo. Mtoto mwenye nguvu akitaka kupanda kwa miguu, apande na baba yake, wengine wawatangulie kwa lifti.

Bern iko katikati. Zytglogge una kama mita 54 na nusu, hauna lifti, na huwezi kuingia mwenyewe. Unaingia na mwongozaji, kwa muda uliopangwa, kwa karibu saa nzima, na kwa mtu mzima kiingilio ni kama faranga 20 za Uswisi. Ngazi zake hazimtishi mtoto wa miaka sita au saba, maana njiani kuna mapumziko ya kutazama mitambo. Kwa mtoto wa miaka mitatu sishauri. Maelezo ni mengi na atachoka kabla ya jogoo kuwika.

Onyesho la barabarani

Huku ndiko wengi watakakoishia, na si vibaya. Praha huonyesha kila saa kamili kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5 usiku. Pembeni mwa saa kuna kiunzi cha mifupa ya mtu, ndicho Kifo. Saa ikifika kinavuta kamba ya kengele kwa mkono mmoja na kugeuza saa ya mchanga kwa mwingine. Wenzake waliosimama jirani, mmoja mwenye kioo anayejipenda, mwingine bahili na mfuko wake wa fedha, wanatikisa vichwa kukataa: bado hatujawa tayari kuondoka. Juu yao vidirisha viwili vinafunguka, mitume kumi na wawili wanapita mmoja mmoja, kisha jogoo wa dhahabu anawika na kengele kubwa inahesabu saa.

Yote haya hayafiki dakika moja, na lazima useme ukweli huo kwa watoto kabla. Familia inasubiri nusu saa kwenye msongamano, mtoto anainama kufunga kamba za kiatu, akiinuka madirisha yameshafungwa. Mbebe begani. Mkoba uuvae mbele, kwa sababu umati mzima uliotazama juu midomo wazi ni shamba la vibaka, na wao wanaijua ratiba ya mitume kuliko wewe. Ukienda ile saa 3 asubuhi, au usiku baada ya chakula, utapata nafasi ya kusimama.

Kuna sanamu moja ambayo mtoto wa Kiislamu anaweza kuiulizia: mwanamume mwenye kilemba na ala ya nyuzi, ambaye Wacheki humwita Mturuki. Amewekwa pale kuwakilisha anasa, na nyuma ya hilo kuna hofu ya Ulaya ya zamani kwa dola ya Uthmaniya. Mimi nisingempita kimya. Ni nafasi ya kumwonyesha mtoto kwamba hata saa inaweza kubeba chuki za waliokuwa wakiitunza.

Bern mchezo ni mrefu zaidi na una ucheshi. Huanza dakika tatu nne kabla ya saa kamili, na wageni wengi huukosa kwa sababu wanafika saa ikiwa imeshagonga. Jogoo anawika. Chale mwenye kofia ya kengele anagonga kengele zake mbili kabla ya wakati, kama mtoto anayeropoka jibu mwalimu hajamaliza swali. Dubu wanapita kwa maandamano, kwani dubu ndiye alama ya mji huo. Kisha mzee wa Wakati anageuza saa yake ya mchanga, na juu kabisa mtu wa dhahabu anayeitwa Hans von Thann anapiga kengele kubwa kwa nyundo. Saa sita mchana ndiyo nzuri, maana anapiga mara kumi na mbili na watoto huhesabu kwa sauti. Simama upande wa mashariki, mtaa wa Kramgasse. Na mtoto umshike, kwa sababu mabasi yanapita hapohapo miongoni mwa watazamaji.

London hakuna vikaragosi. Kuna sauti. Kila robo saa kengele nne ndogo hupiga wimbo wake, na saa ikitimia Big Ben inagonga. Kwa mtoto mdogo hilo halimshikilii. Kwa mtu mzima aliyekulia kwenye nyumba yenye redio ya BBC, huenda akatoa chozi. Mlio huo ulirushwa hewani moja kwa moja kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 31 Desemba 1923, na kwa miaka mingi ukawa ndio sauti ya London masikioni mwa watu ambao hawakuwahi kuiona.

Saa ya Praha, kwa macho ya anayehesabu saa kutoka macheo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo msomaji wa Kiswahili anapomzidi mtalii mwingine yeyote uwanjani.

Watu husimama mbele ya uso wa saa ile wakaona fujo: duara ndani ya duara, tarakimu za Kirumi, tarakimu za maandishi ya kizamani, mistari iliyopinda, jua dogo, mwezi, alama za buruji. Mwongozaji anapowaeleza kwamba zamani siku ilianza jua likizama na saa za mchana zilihesabiwa kutoka macheo, Mjerumani anashangaa. Sisi hatuna la kushangaa. Mtu akiamka alfajiri ya Tanga au Mombasa na kusema saa kumi na mbili, anahesabu kwa mpango wa aina hiyohiyo.

Tazama hivi. Mshale mrefu wenye kiganja cha dhahabu unaonyesha tarakimu za Kirumi, na hizo ndizo saa za kawaida za Ulaya. Lakini kiganja hichohicho kinaelekeza pia kwenye duara la nje kabisa, lenye 1 mpaka 24. Duara hilo husogezwa kidogokidogo kufuatana na majira, ili 24 iangukie magharibi, jua linapozama. Ndiyo saa ya kale ya Bohemia. Ukikuta kiganja kiko kwenye 5, maana yake zimepita saa tano tangu magharibi. Yeyote aliyelelewa nyumba ambayo usiku wa Ijumaa unaanza Alhamisi jua likizama ataielewa bila mkalimani.

Sasa angalia jua dogo la dhahabu lililo kwenye mshale. Linatembea juu ya rangi tatu: samawati ni mchana, wekundu wa pembeni ni alfajiri na utusiutusi, weusi wa chini ni usiku. Kushoto imeandikwa ORTVS, kulia OCCASVS, macheo na machweo. Kwenye ile sehemu ya samawati kuna mistari iliyopinda na tarakimu kuanzia 1 hadi 12. Jua likishaondoka macheo na kuukata mstari wa kwanza, saa moja ya mchana imetimia. Likifika katikati ya anga ni saa sita. Likigusa machweo ni saa kumi na mbili.

Mtoto akiuliza, "Bibi, hii inaonyesha saa ngapi?" bibi ana haki ya kumjibu, "Saa zao au saa zetu?" na kumwonyesha zote mbili.

Tofauti iko sehemu moja, na hapo ndipo somo la jiografia linapojileta lenyewe. Mwezi Juni mchana wa Praha una karibu saa 16, Desemba una kama 8 tu. Ukigawa mchana wote mafungu kumi na mawili, "saa" moja ya Juni inakuwa kama dakika 80, ya Desemba dakika 40. Ndiyo maana mistari ile imepinda. Afrika Mashariki, tulio kando ya ikweta, mchana wetu haukimbii mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo saa yetu ya ukutani inatosha tukiisoma kwa kuongeza au kupunguza sita. Wao ilibidi wajenge mtambo.

Mwezi nao ni mpira mdogo, nusu fedha nusu nyeusi, unaojizungusha kuonyesha umefikia wapi kati ya mwandamo na mpevu. Mtoto aliyewahi kupandishwa darini kutafuta mwezi wa Idi atapenda kujua kwamba kuna saa inayoufuatilia, ya mwaka 1410.

Mwaka huo si wa kubahatisha. Hati ya Oktoba 1410 inamtaja fundi Mikuláš wa mji wa Kadaň, na hesabu za anga zinahusishwa na Jan Šindel, profesa wa Chuo Kikuu cha Praha. Waongozaji watakusimulia lakini hadithi ya fundi Hanuš, kwamba wakuu wa mji walimtoboa macho ili asitengeneze saa nyingine mahali pengine, naye kwa kisasi akaingiza mkono kwenye mitambo na kuiharibu. Hadithi tamu, watoto huitaka irudiwe, ila si kweli. Vilevile mitume wanaopita leo si wa zama hizo. Mei 1945, vita vikiwa ukingoni, ukumbi ulishambuliwa na kuungua, na sanamu za mitume zilizopo zilichongwa na Vojtěch Sucharda. Saa ilianza tena kutembea mwaka 1948.

Ndani: chuma kinachotembea

Kama unapanda mnara ili uone mandhari, Praha inashinda: mapaa mekundu, minara ya kanisa la Týn mbele ya macho, kasri ng'ambo ya mto. Kama unapanda ili uone saa inavyofanya kazi, Praha inabaki nyuma, na shindano ni la Bern na London.

Bern mtambo uko mbele yako, si nyuma ya kioo cha mbali. Ni chuma cha kufuliwa, kazi ya Kaspar Brunner, aliyeikamilisha mwaka 1530. Huyu alikuwa mfua silaha, na inaonekana: magurudumu yenye meno ni mazito, hayana madoido. Ziara hupangwa ili uwe ndani saa inapokaribia kugonga. Unaona gia inayosukuma waya, waya unaovuta mfumo wa jogoo, na sekunde hiyohiyo unasikia kelele za watalii nje wakicheka. Mtoto anaelewa bila kuhubiriwa kwamba kila kinachotokea nje kina mkono unaokivuta ndani. Kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuhalalisha bei za Uswisi, na bei zenyewe si mchezo.

Mnara wenyewe una maisha marefu kuliko saa yake. Ulijengwa mapema karne ya 13 kama lango la magharibi la mji, mji ukapanuka, lango likawa gereza, moto wa mwaka 1405 ukauteketeza, ukajengwa upya na kupewa saa. Chini ya tao lake kuna vipimo rasmi vya urefu vilivyowekwa ukutani, mita moja na mita mbili. Mwambie mtoto anyooshe mikono ajipime. Watoto wote hufanya hivyo, na baba zao pia, wakidhani hawaonekani.

London mtambo ni mkubwa zaidi, wa mwaka 1854, wenye uzito wa tani tano, na bado hutiwa ufunguo mara tatu kwa wiki. Kinachompendeza kijana ni pendulamu. Juu yake kuna senti za zamani zilizopangwa, na kuongeza senti moja kunaiharakisha saa kwa sehemu nne za kumi za sekunde kwa siku. Yaani saa mashuhuri kuliko zote za taifa zima inarekebishwa kwa vijisenti ambavyo havinunui tena kitu dukani.

Halafu kuna kengele. Ya kwanza ilipasuka kwenye majaribio. Ya pili, yenye tani 13.7, ilisubuliwa Whitechapel mwaka 1858, ikavutwa na farasi 16 kupita daraja la Westminster, ikachukua saa 30 kuipandisha ndani ya mnara ikiwa imelazwa ubavu. Ilianza kugonga Julai 1859, na Septemba nayo ikapata ufa. Walikaa nayo kimya miaka minne hivi, kisha wakaizungusha kidogo, wakaiwekea nyundo nyepesi, wakaendelea. Ufa upo hadi leo, na mlio unaousikia ni mlio wa kengele yenye ufa. Unapofikishwa juu unapewa vizibo vya masikio. Sauti bado inakupitia kifuani, na vijana wanaojifanya hawashangazwi na chochote hupoteza uso wao wa kazi kwa sekunde kadhaa.

Mnara ulifanyiwa ukarabati kati ya mwaka 2017 na 2022, na nyuso za saa zikarudishiwa rangi yake ya buluu ya mwanzo. Ukiona picha za zamani zenye weusi, ujue ule haukuwa urembo wa asili.

Baada ya saa kugonga

Mnara unachukua saa moja au moja na nusu ya siku. Zilizobaki utazijazaje?

Bern ndiyo rahisi kuliko zote kwa miguu midogo. Kutoka stesheni ya treni hadi Zytglogge ni kama dakika kumi, tena chini ya baraza za mawe zilizoezekwa, kilomita sita jumla mjini, kwa hiyo mvua haikuharibii siku. Hatua chache kutoka mnarani kuna chemchemi yenye sanamu ya zimwi linalotafuna mtoto, na gunia la watoto wengine. Ni ya katikati ya karne ya 16. Wanaokua na hadithi za mazimwi watafurahi. Mwenye mtoto mwoga apitie mtaa wa pili. Kramgasse namba 49 ndipo alipoishi Einstein kuanzia 1903 hadi 1905, nyumba ndogo iliyogeuzwa makumbusho, ya kupita haraka. Mwisho wa mji mkongwe, kando ya mto Aare, kuna bustani ya dubu halisi. Uliza kabla kama wameamka, maana majira ya baridi dubu hulala, na kumweleza hilo mtoto uliyemwahidi dubu tangu Dodoma si kazi ndogo.

Praha uwanja wenyewe ni mkubwa na watoto wanaweza kukimbia. Ardhini karibu na mnara kuna misalaba 27 iliyotiwa kwenye sakafu, kumbukumbu ya viongozi wa Bohemia walionyongwa au kukatwa vichwa hapo Juni 1621. Vijana huikanyaga bila kujua. Ndani ya kanisa la Týn amezikwa Tycho Brahe, mtazama nyota, na kwa aliyetoka kusoma saa ya falaki huo ni mfuatano mzuri. Ubaya wa Praha ni mawe ya barabarani. Kigari chenye magurudumu madogo kitakutoa jasho.

London inakupa kila kitu, kwa umbali. Walio chini ya miaka 11 wasiachwe wamesimama getini. Wakati wakubwa wako juu, mzazi mmoja awapeleke bustani ya St James's, mwendo mfupi kutoka hapo, wakatazame wari. Ndege hao wapo pale tangu mwaka 1664.

Viza na mfuko

Kwa anayetoka Dar, Nairobi au Bujumbura hesabu inaanzia ubalozini. Ucheki na Uswisi zote ziko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza moja inakupa Praha na Bern kwa pamoja, na Munich njiani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12. Wa chini ya miaka 6 hawalipiwi. Uingereza ina viza yake peke yake, na mtoto mchanga analipiwa sawasawa na baba yake, zaidi ya pauni 100 kila kichwa. Familia ya watu watano inalihisi hilo kabla haijanunua hata tiketi ya ndege.

Wanaoishi Ulaya tayari wana nafuu, ila wa Birmingham akumbuke kwamba kibali chake cha kuishi Uingereza hakimfikishi Praha bila viza, na wa Hamburg vivyo hivyo kwa London.

Mjini, Praha ndiyo nafuu kwa chakula na malazi, ingawa migahawa ya pale uwanjani penyewe inauza jina la uwanja. Tembea mitaa miwili mitatu ndani. Bern ni ghali kwa kila kitu isipokuwa maji, maana chemchemi nyingi za mji zinanyweka, na anayelala hotelini hupewa tiketi ya bure ya mabasi na tramu za mjini. Treni za Uswisi hazitozi watoto wa chini ya miaka 6. Tiketi za mnara wa London hutolewa mara moja kwa mwezi kwa tarehe za mbele, ni zaidi ya pauni 25 kwa mtu mzima, na huisha haraka. Usinunue ndege kwanza ukitarajia mnara utajipanga wenyewe.

Ukipita Munich au Graz

Munich inafaa kwa mtoto ambaye sekunde chache za Praha hazitamtosha. Kwenye Ukumbi Mpya wa Mji kuna kengele 43 na sanamu 32 kubwa kama watu, zinazocheza saa 5 asubuhi na saa 6 mchana, na kuanzia Machi hadi Oktoba pia saa 11 jioni. Mchezo unadumu zaidi ya dakika kumi: harusi ya mtawala wa Bavaria, jimbo la Munich, ya mwaka 1568, wapanda farasi wawili wanashindana kwa mikuki, na yule wa Bavaria anashinda kila siku, tangu 1908. Watengeneza mapipa wanacheza ngoma chini yao. Mnara una lifti. Kwa onyesho peke yake, bila historia ya saa, mimi ningeuweka juu ya Praha.

Graz, Austria, mnara uko juu ya kilima cha Schlossberg na huuingii. Unaupanda mlima kwa treni ya kamba au lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, unautazama, unashuka. Mishale yake imebadilishana kazi: mrefu ni wa saa, mfupi ni wa dakika, kwa sababu mwanzoni kulikuwa na wa saa tu, mrefu ili uonekane mbali, na wa dakika ukaongezwa baadaye. Mtoto aliyefundishwa juzi kusoma saa shuleni ataapa kwamba mnara umekosea. Mwache abishane nao. Na ndani ya kilima kuna bomba la kuteleza kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kabla hamjafika, angalieni masharti ya umri na kimo, msije mkamwahidi mteremko mtoto atakayegeuzwa mlangoni.